Jambiani: Kijiji kilichozoea kuhesabu siku kwa mwezi na maji

Ilikuwa siku ya pili tangu mwezi uandame, na saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijatimia, tulipomwona shangazi yetu akijifunga kanga kiunoni na kushika njia ya pwani. Hakutazama saa. Simu anayo, lakini kazi yake ni kuzungumza na wanawe walioko mjini. Tulipomuuliza amejuaje kwamba maji yanakaribia kupwa, alitutazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba kumekucha.

"Jana mwezi mosi, leo mwezi pili," alisema. "Saa nne maji hayapo. Nyinyi watu wa mjini hamuuoni mwezi?"

Jambiani ni kijiji kirefu na chembamba, kilichojinyosha katika pwani ya mashariki ya Unguja, Wilaya ya Kusini, baina ya Paje na Makunduchi, kiasi cha kilomita 50 na ushei kutoka mjini. Mbele yake ni bahari, na mbele zaidi ni mwamba ambako mawimbi makubwa huvunjika kabla ya kufika ufukweni. Nyuma yake ni maweni, ardhi ya mawe isiyokubali jembe, ambako wakulima hupenyeza muhogo, mtama na kunde katika udongo mchache uliojificha baina ya jiwe na jiwe. Watu waliojaaliwa kukaa baina ya mwamba na maweni hawakuwa na budi kuisoma bahari.

Na bahari yao husomeka kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku za mwanzo na za katikati ya mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua. Maji hupwa mno, na mchanga wote ulio baina ya ufukwe na mwamba hubaki wazi, mtu akaweza kutembea kwa miguu hadi mahali ambapo jioni yake ngalawa itaelea. Baina ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Siku za bamvua hupwa mnamo saa nne ya asubuhi na kujaa mnamo saa kumi ya jioni, hivyo mwenye kujua mwezi ni wa ngapi hana haja ya kuambiwa bahari iko wapi.

Kwa maana hiyo kalenda iliyowajulisha siku ya kufunga na siku ya Idi ndiyo hiyo hiyo iliyowajulisha siku ya kwenda kuchokoa pweza, siku ya kufukua makumbi na siku ya kutazama madema. Sisi tuliokulia mjini, ambao huutafuta mwezi mara mbili tu kwa mwaka na tukishautafuta tukagombana juu yake, tuliona haya kidogo.

Tulikwenda Jambiani kwa jambo la kifamilia ambalo tutalieleza mbele. Tulikusudia kukaa siku moja. Tukakaa nne.

Kabla ya mwani, pesa ya mwanamke wa kijiji hiki ilitoka katika makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika mchanga wa pwani, mahali maji yanapofika na kuondoka, na huwekewa mawe juu yake yasichukuliwe na mkondo. Hukaa huko miezi mingi hadi yaoze. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa rungu la mti, na nyuzi zake husokotwa juu ya paja kuwa kamba za usumba. Harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau tena. Shangazi anasema kwamba alipokuwa msichana, mlio uliojaza kijiji asubuhi ulikuwa ni ule wa marungu, na kwamba mama yake aliweza kumtambua kila jirani kwa mapigo yake bila ya kunyanyua uso.

Mwaka 1989 kikaja kilimo cha mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameutafiti mwani wa pwani zetu kwa miaka mingi kabla ya hapo. Mbegu iliyopandwa kwa biashara ililetwa kutoka Ufilipino, na Paje na Jambiani vilikuwa vijiji vya mwanzo Unguja kuipokea. Kazi yenyewe huonekana nyepesi kwa anayeitazama kutoka kivulini. Vigingi hupigiliwa mchangani, kamba huvutwa baina yake, na vichane vya mwani hufungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Baada ya kama wiki sita huvunwa, hukaushwa juani, hutiwa katika magunia na kuuzwa kwa kilo. Huko ng'ambo hutolewa ute unaotumika kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingine ambavyo aliyeulima pengine hajapata kuvionja. Mwenye kutaka kuujua uzito wake na ainame majini saa tatu mfululizo, jua likimpiga mgongoni na mng'aro wa maji ukimpiga machoni, kisha abebe gunia lililolowa hadi nchi kavu. Tulijaribu. Tulifunga vichane 12, na shangazi akavifungua 9 akavifunga upya.

Mwanzoni wanaume nao walijaribu. Walipoona bei ya kilo ni ndogo na mgongo hauna mbadala, wengi walirejea katika nyavu na madema yao. Waliobaki ni wanawake. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na walio wengi mno ni akina mama. Ukiingia katika nyumba ya shangazi utaonyeshwa mwani huo kwa kidole: bati lile ni mwani, kabati lile ni mwani, sare za skuli za watoto watatu na mahari ya mwanawe wa kiume vilikuwa ni mwani.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa wazi katika kurasa za familia. Miaka ile ya mwanzo baadhi ya waume waliwazuia wake zao wasende majini. Baadaye, walipoona fedha inaingia, waliwaruhusu. Na baadaye zaidi, baadhi yao wakaanza kuliacha jiko mikononi mwa mwani, polepole, leo unga, kesho mafuta ya taa, hadi ikawa mke ndiye mwenye kulisha nyumba na mume ndiye mwenye kuulizia chakula. Mambo haya hayana utata katika dini yetu. Suratun Nisaa, katika aya ya 32, imelithibitisha fungu la mwanamke katika kile alichokichuma, na aya ya 34 ya sura hiyo hiyo imeyaweka matumizi ya nyumba juu ya mabega ya mwanamume. Hatujapata kukutana na sheikh aliyetuonyesha mahali palipoandikwa kwamba mke akilima mwani mume amepumzishwa.

Marehemu mume wa shangazi alikuwa mtu mwema na mvuvi hodari, lakini mwaka mmoja wa kusi kali ngalawa yake ilivunjika, na kwa miezi kadhaa nyumba ililiwa kwa mwani. Shangazi hakununa wala hakuhubiri. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, akamwomba amwandikie katika daftari kwamba fedha zile ni deni. Mume alipopata habari alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa mwalimu mwenyewe na kutia sahihi yake. Alilimaliza deni lile kabla ya kufariki, na daftari lingalipo. Tumeliona kwa macho yetu: ni la mistari, jalada lake limekatika, na ndani yake mna madeni ya nusu ya kijiji.

Basi hoteli zilipokuja, hazikukuta watu waliokaa bure wakisubiri kuokolewa. Zilikuta kijiji chenye kazi zake na saa zake.

Tusiwe wachoyo wa kusema kweli: yaliyokuja na hoteli si mabaya yote. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na pwani hii ya kusini mashariki ilipata sehemu yake. Barabara imetiwa lami. Mgonjwa anayehitaji kufikishwa mjini usiku hasubiri tena gari la asubuhi. Vijana wanapata mishahara, na mwenye chumba cha ziada hukipangisha kwa wafanyakazi wanaotoka Bara na kwingineko. Wapangaji wengine wameshakuwa watu wa nyumbani. Jirani wa shangazi anao wawili, mmoja si Muislamu, na Ramadhani hungoja adhana ya magharibi pamoja na wenyeji wake ndipo aguse uji. Upande mwingine wa mizani pana pweza. Zamani pweza mkubwa alipatikana asubuhi na mchana akawa katika mchuzi wa nazi. Sasa aliye mkubwa hupita mlango wa nyuma wa jiko la hoteli, na mwenye kumvua hurejea nyumbani na fedha na dagaa.

Watu wetu wakizungumzia athari za utalii huanza na mavazi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Si jambo dogo. Kijiji kina haki ya kudai heshima, na mabango ya kuwaomba wageni wajisitiri wanapopita katikati ya nyumba za watu yako mahali pake. Lakini katika siku nne tulizokaa hatukusikia mtu wa Jambiani aliyeanza na hilo. Walichoanza nacho ni wakati.

Binti wa shangazi anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja. Wiki moja huingia alfajiri, wiki nyingine huingia saa nane ya mchana na kutoka saa nne ya usiku. Mwezi ukiwa mosi au ukiwa wa kumi na tano, kwake ni sawa. Hoteli inajua Jumatatu na Jumapili, inajua msimu wa wageni na msimu wa masika, na inajua mwisho wa mwezi wa mshahara. Mkataba haujui bamvua. Idi ikiangukia siku ambayo vyumba vimejaa, wafanyakazi hupokezana, wengine wakaswali na kurudi mbio, wengine wakaisikia takbira kwa mbali wakiwa wameshika mashuka.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni mnyororo unaoanzia hapo. Binti anapokuwa kazini mchana, mwanawe wa miaka mitatu huachwa kwa bibi yake. Bibi aliyeachiwa mtoto hawezi kwenda majini, kwa kuwa mtoto wa umri huo hawezi kuachwa ufukweni peke yake. Asipokwenda katika siku zake za bamvua, mwani hauvunwi kwa wakati, hulegea na kukatika, ukasombwa na mawimbi. Hivyo mshahara unaoingia kwa mlango mmoja unaitoa kwa mlango mwingine fedha ambayo kwa zaidi ya miaka 30 mwanamke huyu aliipata hatua mia mbili kutoka kizingitini mwake, akiwa na wakati wa kuswali adhuhuri kwake na kuwapokea watoto wa skuli. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Binti anampenda mama yake, na mshahara wake ndio ulionunua tangi la maji.

Mwalimu wa chuo alitueleza jambo linalofanana na hilo. Zamani, anasema, hata darasa lilifuata maji. Siku za bamvua watoto walikwenda pwani na mama zao, na yeye akaanza baadaye bila ya kugombeza mtu, kwa sababu alijua kwamba laasiri, bahari ikishajaa, wote watakuwa nchi kavu. Sasa wadogo wanakuja kama kawaida. Wanaopungua ni wavulana wa miaka 13 na kuendelea. Hao laasiri wako ufukweni wakiuza vikuku, wakiwafuata wageni na kujifunza kazi ya upapasi kutoka kwa kaka zao. Wanasalimia kwa Kiitaliano kisichotetereka, na Juzuu Amma imewaponyoka katikati.

Hakuwalaani. Alichofanya ni kufungua darasa baada ya swala ya isha kwa vijana wanaofanya kazi hotelini, atakayefika afike. Usiku tulipohudhuria walikuwa 9, watatu kati yao wakiwa bado wamevaa sare za kazi, na mmoja alisinzia katikati ya aya. Mwalimu alimwacha alale, na walipomaliza akamgusa bega na kumpa kurasa yake asome peke yake kabla ya kuondoka.

Katika mwaka 2020 kijiji kilionjeshwa ladha ya kitu ambacho hakikukitazamia. Safari za ndege zilisimama kwa sababu ya maradhi ya korona, vyumba vikabaki vitupu, na wafanyakazi wakarudishwa majumbani. Waliokuwa bado na kamba zao majini walikula. Wanawake waliokwisha kuziacha walikwenda kuomba mbegu kwa wenzao, na wenzao waliwapa. Vijana ambao hawakupata kugusa dema walifundishwa na babu zao kulisuka. Ndege zilipoanza tena kutua, wengi walirudi hotelini, na hatuwalaumu. Ila shangazi anasema tangu mwaka ule binti yake hakumwambia tena kwamba mwani ni kazi ya kizamani.

Hata hivyo bahari yenyewe si ile iliyokuwa. Aina ya mwani iitwayo kotonii, ambayo bei yake ni bora, imeshindwa kumea katika mashamba mengi ya maji mafupi tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Maji hupata joto kupita kiasi, mwani huota weupe, hulainika na kukatika. Iliyobaki kwa wengi ni spinosamu, iliyo stahamilivu zaidi na rahisi zaidi kwa bei, nayo pia huugua. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na ambaye mwaka 2006 aliasisi mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani Zanzibar, pamoja na wenzake wamewafundisha akina mama kutengeneza sabuni na unga wa mwani ili wasiuze gunia tupu, na wamejaribu njia ya kupanda katika maji marefu zaidi yenye ubaridi, mwani ukiwa ndani ya mirija ya nyavu. Njia hiyo inahitaji chombo na inahitaji mtu anayejua kuogelea. Ni ajabu ya vijiji vyetu vya pwani kwamba wanawake wengi waliokaa majini umri mzima hawajui kuogelea. Huko Nungwi, upande wa kaskazini, wasichana wamekuwa wakifundishwa wakiwa katika mavazi yanayositiri mwili mzima, na kwa maoni yetu hilo ni somo ambalo halikustahili kusubiri miaka yote hiyo.

Juu ya joto pana msongamano. Maji yale yale yanatakiwa na michezo ya tiara, ile ya kuvutwa juu ya ubao kwa upepo, ambayo Paje imejulikana kwayo duniani. Kamba za mwani na mchezo huo havipatani. Zipo hoteli ambazo wageni wake hupenda kupiga picha za wanawake wa mwani asubuhi, na jioni wakalalamikia harufu ya mwani uliotupwa na mawimbi mbele ya viti vyao.

Tufike sasa katika lile lililotupeleka. Tunalisimulia kwa ruhusa ya wenyewe, na kwa kuwa tumeambiwa kwamba linafanana na mambo ya nyumba nyingi za pwani hii.

Babu yetu aliacha kiwanja chenye minazi 14, nyuma kidogo ya ufukwe. Alifariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, mkewe akiwa amemtangulia, na akaacha wana wa kiume wawili na wa kike watatu. Hesabu ya mirathi yake ni nyepesi hata kwa mtoto wa chuo: mafungu saba, kila mtoto wa kiume mawili na kila wa kike moja. Kwa minazi 14 ni minne minne kwa wanaume na miwili miwili kwa wanawake. Haikupata kufanywa. Wanaume wawili wale, mmoja wao akiwa baba yetu, nao wakafariki. Sisi tulikuwa mjini, nazi tuliletewa kila Ramadhani, na tulizipokea bila ya kuuliza zimetoka katika fungu la nani. Kosa hili ni letu kabla ya kuwa la mtu mwingine.

Kwa sheria ya Zanzibar ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia, kama ilivyowekwa na Sheria ya Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992. Vijijini watu husema wanauza minazi, na kila mtu anaelewa kwamba kinachouzwa ni zaidi ya minazi. Mwaka huu dalali alifika na mnunuzi. Ndugu yetu, mtoto wa ami, akapokea arubuni. Hakumwambia shangazi yeyote.

Kikao kilikuwa baada ya isha, barazani kwa shangazi, usiku wetu wa mwisho pale. Tulifika tukiwa na maneno makali. Hatukuyatumia, kwa kuwa shangazi alianza kabla yetu, tena kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, minazi yangu ni miwili. Mmeiuza lini?"

Ndugu yetu hakujitetea kwa uongo. Alisema mashine ya boti yake imekufa tangu kaskazi iliyopita, kwamba samaki wa ndani ya mwamba wamepungua na bila ya mashine hawezi kufika nje, na kwamba ana watoto watano. "Shangazi, minazi haijaninunulia mashine kwa miaka yote hii," alisema. "Nikisubiri tugawane nitakuwa mzee." Na hapo tukawa hatuna jawabu, maana ni kweli kwamba waliochelewesha mgao si yeye. Ni sisi tuliokuwa na mishahara na ambao hatukuhitaji.

Shangazi wa pili, ambaye ni mjane, alitaka kiwanja kiuzwe chote ili kila mmoja ashike chake mkononi. Wa tatu alisema kikiuzwa, njia ya wanawake ya kwenda pwani itazibwa ukuta, kama zilivyozibwa mbili upande wa kaskazini, na gunia la mwani litazungushwa mbali juu ya mgongo. Walisema kweli wote wawili. Mazungumzo yalikwenda hadi saa tano ya usiku, chai ikapoa na kupashwa moto mara mbili.

Yaliyokubaliwa ni haya. Arubuni irudishwe. Warithi waandikwe majina na suala lifikishwe Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ili mirathi igawiwe kwa haki. Baada ya hapo, mwenye kutaka kuuza fungu lake awape kwanza ndugu zake nafasi ya kulinunua. Sisi wa mjini tulipewa kazi ya kufuatilia karatasi, adhabu inayotustahiki.

Likabaki tatizo moja: nusu ya arubuni ilikuwa imekwisha kuliwa na fundi wa mashine. Ndugu yetu alitazama chini. Tulikuwa bado tunahesabu kimoyomoyo tunachoweza kutoa, shangazi alipoingia ndani na kutoka na fedha zilizofungwa katika pindo la kanga kuukuu. Zilikuwa za mavuno mawili. Alizihesabu mbele ya wote, kisha akamtuma mtoto akamwite mwalimu wa chuo kabla hajalala, aje na daftari.

Asubuhi ilikuwa mwezi tano, na maji yalikuwa ya kupwa saa sita na nusu ya mchana. Binti yake alikuwa na zamu ya saa nane. Shangazi aliingia majini saa tano, bahari ikiwa bado magotini, ili awahi. Kamba zilizohitaji kufungwa zilikuwa 15. Alikuwa amemaliza ya nane alipomwona binti yake amesimama ufukweni, sare imeshapigwa pasi, mtoto mkononi. Alizikusanya mbegu zilizosalia katika gunia, akaliloweka katika maji na kulifunga kwenye kigingi zisikauke, akaja juu kumpokea mjukuu wake.